Bi. Nyamvula Kiponda na Vioo Visivyoona Jua

Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, Bi. Nyamvula Kiponda anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja na siku ishirini na nane za kazi katika jengo hili. Katika rasimu ya kwanza niliandika miaka peke yake. Alinirudishia karatasi akasema siku hizo ishirini na nane nazo aliamka, akaoga, akavuka feri na kufika kazini, kwa hiyo ziandikwe. Nimeziandika.

Kwa wageni watakaosoma ratiba hii, Bi. Nyamvula ndiye msimamizi wa uoshaji wa vyombo vya maabara katika Kituo chetu cha Utafiti wa Vifaa, hapa Changamwe. Kila chupa, flaski na gilasi ya vipimo wanayotumia wanafunzi wetu wa uzamili na uzamivu imepita mikononi mwake kwanza. Mimi nakaa mapokezi. Dkt. Mwarandu, mkuu wa maabara, aliniomba niandike wasifu huu kwa sababu, kwa maneno yake, mimi ndiye ninayempenda Bi. Nyamvula bila kificho. Ni kweli, na sababu yake itaonekana mbele kidogo.

Bi. Nyamvula alizaliwa Rabai mwaka 1965, akasoma hadi darasa la saba, kisha akaolewa Timbwani, Likoni, ambako anaishi hadi leo. Aliingia hapa tarehe 3 Oktoba 1994 akiwa kibarua. Wakati huo jengo lilikuwa la kupimia rangi za nyumba na saruji, na kazi yake ilikuwa kukwangua mikebe ya rangi. Anasema mwaka wa kwanza kucha zake zilikuwa za kijani, na watoto wake walidhani ndivyo mama wote wanaofanya kazi Changamwe walivyo. Mwaka 2001 alikabidhiwa vyombo vya kioo. Mwaka 2012 jengo likawa kituo cha utafiti, wakaanza kuja wanafunzi kutoka vyuo vikuu, na sinki lake likawa mahali ambapo kila mmoja wao lazima apite.

Mimi niliishia kidato cha nne, kwa hiyo kazi ya kituo nitaieleza jinsi nilivyoelezwa na mume wangu. Mume wangu! Tuna wiki saba tu tangu tufunge ndoa, na kila ninapoliandika neno hili natamani kuliandika tena. Msomaji anisamehe, narudi kwenye kazi. Hapa wanatafiti vitu vinavyotengenezea vitu vingine, yaani rangi zinazozuia kutu, saruji iliyochanganywa na nyuzi za makumbi ya nazi, na mitungi ya udongo ya kuchujia maji ya kisima. Baadhi yao hufanya kazi ya nano, ambayo ni kutengeneza chembe ndogo mno, nyembamba kuliko unywele mara elfu kadhaa. Kwa chembe kama hiyo, uchafu ambao mimi na wewe hatuuoni ni sawa na jiwe kubwa katikati ya njia. Ndiyo maana mtu anayeosha chombo anaweza kuinua utafiti wa miaka miwili au kuuangusha.

Utaratibu wa Bi. Nyamvula haujawahi kubadilika. Chombo huoshwa kwa sabuni isiyo na manukato, kisha kwa maji ya bomba, kisha mara tatu kwa maji safi ya mtambo. Baada ya hapo hufunikwa kwa karatasi na kuingizwa katika kabati lake la mbao, ambalo mlango wake ameuzibia kwa utepe wa mpira. Hukaa humo siku moja na nusu hadi kikauke chenyewe. Pete hairuhusiwi sinkini. Marashi hayaruhusiwi. Mwanafunzi akija na haraka zake huambiwa kwa upole kwamba haraka aliiacha getini, ataikuta akitoka.

Wengi mnakijua kisa cha mhadhiri mgeni aliyejimiminia chai katika gilasi ya vipimo kwa sababu hakuona kikombe. Bi. Nyamvula hakumgombeza. Alisubiri amalize, akaichukua gilasi, akaandika juu yake KIKOMBE kwa kalamu ya wino mzito, akampa. Gilasi hiyo haikurudi tena kwenye utafiti. Iko kwenye trei ya chai, na mimi huinywea saa nne.

Jambo lingine ambalo halimo katika barua yake ya ajira ni ubao wa matangazo. Kila mwaka kituo hutoa nafasi mbili za uzamili, na vyuo tunavyoshirikiana navyo huleta nafasi za uzamivu, pengine moja, pengine mbili, mara nyingine hakuna. Matangazo hayo hufika kwangu, nami huyabandika. Bi. Nyamvula huyasoma yote akinywa chai, mstari kwa mstari, kisha huenda kumtafuta mtu anayefaa. Lavender, fundi wetu wa maabara, alikumbushwa mara tatu kuomba nafasi ya kusomea kutu ya vyuma. Mara ya kwanza alisema hana muda, mara ya pili akasema umri umepita. Mara ya tatu Bi. Nyamvula alimpelekea fomu ikiwa na jina lake tayari, akamwambia ajaze yaliyobaki, maana yeye mwandiko wake hauwapendezi maprofesa. Lavender anamaliza uzamili mwakani. Nimehesabu, na wako wanane humu waliosoma kwa namna hiyo.

Sasa nifike kwenye jambo la mwaka huu, ambalo Dkt. Mwarandu mwenyewe amesema nisilifiche.

Mwezi wa Februari, mwanafunzi wetu wa uzamili aitwaye Maxwell, kijana mrefu, mpole, mwenye sauti ya kutuliza moyo, ambaye leo ni mume wangu, alipata nafasi ya uzamivu katika chuo kikuu cha nje ya nchi. Alikuwa anatengeneza chembe za nano za fedha za kupaka ndani ya mitungi ya kuchujia, ili ziue vijidudu vya maji ya kisima. Sampuli yake ya kwanza ilitoka vizuri sana, maji maangavu ya rangi ya manjano kama chai ya rangi iliyotiwa majani machache. Chuo kile kiliiona kikafurahi, lakini kikaweka sharti. Alitakiwa kutuma sampuli nyingine tatu zinazofanana na ile, kabla ya Ijumaa tarehe 13 Juni. Asipofanya hivyo, nafasi ingekwenda kwa mtu mwingine.

Mwezi wa Aprili Bi. Nyamvula alifiwa na kaka yake, akaenda Rabai wiki mbili. Aliporudi, sampuli za Maxwell zilikuwa zimeanza kuharibika. Zilianza manjano, na kabla ya mchana zikageuka kijivu na kuacha ukungu chini ya chupa. Maxwell alirudia mara kumi na moja. Alibadilisha dawa, akabadilisha mizani, akapima upya joto. Nilimwona akipita mapokezi siku hizo bila hata kunisalimu, mtu ambaye kwa kawaida alikuwa na sababu tano kwa siku za kuja kuuliza kama kuna barua.

Ripoti ya majaribio hayo ilipoandikwa, ilibaki sababu moja tu iliyokuwa haijachunguzwa, nayo ni uoshaji. Mei ikiisha, Dkt. Mwarandu aliandaa barua. Ilisema kwamba kazi ya kuosha vyombo ipewe kampuni ya usafi ya nje, na Bi. Nyamvula amalizie miezi yake mitano iliyobaki kwenye stoo ya getini. Mimi ndiye niliyeichapa. Nilimpelekea mwenyewe, kwa sababu sikutaka ipelekwe na mtu asiyejali.

Aliisoma akiwa amesimama. Hakulia, hakulalamika. Aliniuliza tu kama imetiwa saini. Nikasema bado, itatiwa Jumatatu baada ya mkutano wa maabara. Akasema basi ana siku tatu. Kisha akaniambia jambo ambalo sitalisahau:

"Caroline, kuondoka nitaondoka, Oktoba si mbali. Lakini siondoki na jina la mtu mchafu."

Siku mbili zilizofuata alifanya kazi yake kama kawaida, lakini alikuwa anahesabu vyombo. Kabati lake lina nafasi ya flaski arobaini na nane. Alikuta zilizopita mikononi mwake wiki ile ni thelathini na sita. Kumi na mbili zilikuwa zinatumika, zinaoshwa na kurudi kutumika, bila kulala kabatini hata siku moja. Alizitafuta katika vyumba vyote. Mwishowe alipanda hadi kwenye baraza ya juu, upande unaotazama mkono wa bahari wa Port Reitz, akazikuta.

Hapo nieleze kosa lenyewe, nalo ni kosa ambalo lingefanywa na mtu mwema tu. Maxwell ametoka Vihiga, bara, mbali na bahari. Wakati Bi. Nyamvula yuko matangani, yeye alikuwa na haraka na kabati lilikuwa linamchelewesha. Akaokota mbao, akatengeneza uchanja kule juu, kama ule ambao mama yake anao nyuma ya jikoni. Aliosha flaski zake kwa uangalifu wote, akazipanga midomo ikielekea jua la asubuhi ili liingie hadi ndani. Zilikauka kwa saa moja. Aliona amepata njia bora na hakufikiri kwamba kuna la kumweleza mtu.

Jumatatu mkutano ulianza saa tatu. Nilikuwepo kuandika kumbukumbu. Dkt. Mwarandu alisoma ripoti, akafika kwenye sehemu ya uoshaji. Bi. Nyamvula, ambaye huitwa mikutanoni kuleta chai tu, aliingia na trei. Juu yake hapakuwa na chai. Palikuwa na flaski mbili, chupa ya maji safi ya mtambo, na kichupa cha nitrati ya fedha alichomwomba Lavender.

Aliomba ruhusa. Akamimina maji kidogo katika flaski ya kwanza, akasuuza, akatia matone mawili ya fedha. Maji yakabaki maangavu. Akafanya hivyo hivyo katika ya pili. Likatokea wingu jeupe, jepesi, kama tone la maziwa limeangukia humo. Hata mimi nililitambua, maana tulifundishwa kidato cha tatu. Fedha ikikutana na chumvi, lazima wingu litokee.

Akasema ya kwanza imetoka kabatini kwake. Ya pili ilikuwa imekaa siku nne juu ya baraza.

"Daktari, vyombo vyangu mimi havikaushwi nje. Nyumbani kwangu Timbwani nafuta kioo cha dirisha asubuhi, jioni nikikigusa na kuonja kidole, ni chumvi. Bati halimalizi miaka sita. Sasa ukiwacha flaski mdomo wazi kwenye upepo ule, umeitia chumvi kabla hujatia dawa yako."

Dkt. Mwarandu akauliza ni nani aliyeziweka huko. Bi. Nyamvula alijua. Alikuwa ameuona uchanja wenyewe, na kila flaski ilikuwa na herufi za Maxwell chini yake. Akaanza kufuta trei ambayo haikuwa na maji.

Kwenye kumbukumbu niliandika swali lile, nikaacha nafasi ya jibu. Kwa Maxwell, kusema kulikuwa na maana ya kwamba ripoti yake itapelekwa kwa wale wa nje ikiwa na kosa lake mwenyewe ndani, siku kumi na moja kabla ya tarehe ya mwisho. Kunyamaza kulikuwa na maana ya barua kutiwa saini, maana asipokiri mtu mwingine, flaski zote zinahesabiwa kuwa za sinki la Bi. Nyamvula.

Akasimama.

"Ni mimi. Kwetu chombo kikishaoshwa kinapelekwa uchanjani, jua likimalize. Nilidhani nakisafisha zaidi. Nisamehe, Mama."

Bi. Nyamvula akamtazama juu hadi chini.

"Kwenu jua halichomozi baharini, baba. La huku linakuja na chumvi yake." Watu wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka kidogo. Kisha akaongeza kwamba uchanja wenyewe umejengwa vizuri, na kama mafundi hawautaki, yeye atauchukua akaanikie muhogo.

Barua haikutiwa saini. Dkt. Mwarandu aliichana pale pale, na wiki hiyo hiyo akamwandikia Bi. Nyamvula nyingine ya kumwomba radhi, ambayo pia niliichapa, nikiwa na furaha nikakosea mara tatu.

Zilibaki siku kumi na moja. Kabati linataka siku moja na nusu, na Bi. Nyamvula hakukubali kulipunguzia hata saa moja. Maxwell alijifunza kusubiri. Alikaa mapokezi akisubiri, nami nikamnunulia mahamri, na mengine ni ya kwetu wawili. Sampuli ya kwanza ikatoka manjano na kubaki manjano, ya pili vivyo hivyo, na ya tatu ilitumwa Alhamisi tarehe 12 saa kumi alasiri. Katika ripoti aliandika kosa lake lote bila kulipunguza. Chini yake akaandika kwamba vyombo vilikaushwa kwa kufuata njia ya Kiponda, hatua kwa hatua.

Nafasi yake ilithibitishwa tarehe 2 Julai. Anaondoka Januari, nami nitamfuata miezi ya mbele, Mungu akipenda. Tulifunga ndoa tarehe 6 Septemba, kanisani hapa Changamwe. Mama mkwe wangu, aliyesafiri kutoka Vihiga, alikaa meza moja na Bi. Nyamvula. Waliongea mchana kutwa kuhusu vyombo na jua, na hakuna aliyekubali kushindwa. Siku hiyo nilimwona mume wangu amevaa suti ya kijivu nikasema moyoni kwamba kijivu kumbe si rangi mbaya.

Lakini kilichobaki kueleza ni cha Bi. Nyamvula. Katikati ya Julai ilikuja barua pepe mapokezi, ikielekezwa kwa Daktari Kiponda. Ilitoka kwa maprofesa wa chuo kile. Walikuwa wameisoma ripoti. Nao wana maabara karibu na bahari, na kwa miaka miwili sampuli zao za fedha zilikuwa zikiharibika majira fulani ya mwaka bila kujulikana kwa nini. Walimwalika Daktari Kiponda awe mtafiti mgeni kwa muhula mmoja, na kwa heshima nyingi waliuliza amechapisha makala gani nyingine.

Nilimpelekea sinkini. Alinitaka niisome mara mbili. Akaniambia nijibu kwamba yeye si daktari, ni mwoshaji wa vyombo, amesoma hadi darasa la saba, anastaafu Oktoba, na hajachapisha kitu. Ila kama wanataka kujua kuhusu kabati, atawaeleza kwa simu, kwa Kiswahili. Nilijibu hivyo hivyo. Kusema kweli nilidhani yameisha.

Walijibu siku ya pili wakiuliza ni siku gani inamfaa.

Jumatano moja ya Agosti, saa nane mchana, Bi. Nyamvula aliketi mbele ya kompyuta ya Dkt. Mwarandu akiwa amevaa leso yake ya heshima mabegani. Upande wa pili walikuwa maprofesa wawili na wanafunzi sita wa uzamivu wenye madaftari. Maxwell alitafsiri. Bi. Nyamvula alisema nao dakika arobaini. Aliwaonyesha jinsi ya kufunika flaski, na jinsi ya kuujua utepe wa mpira uliozeeka kwa kuubana kwa kidole. Aliwaambia wasimame mlangoni mwa maabara yao asubuhi, wafute kioo cha dirisha, waonje. Mwanafunzi mmoja alicheka, akaenda, akaonja, akarudi akaandika kwenye daftari lake.

Tangu mwezi jana, tangazo la nafasi zetu za uzamili na uzamivu za mwaka 2026 lina aya mpya. Linasema kwamba kila atakayekubaliwa, awe ametoka bara au pwani, awe na shahada ngapi, ataanza masomo yake kwa wiki mbili za kuosha vyombo, kwa kufuata karatasi ya njia ya Kiponda iliyobandikwa juu ya sinki. Karatasi hiyo niliichapa mimi. Yeye aliisahihisha kwa kalamu nyekundu, na chini kabisa, pahali ambapo wakubwa hutia saini zao, ametia yake.

Bi. Nyamvula, wafanyakazi wote wa kituo, wanafunzi waliopo na waliokwisha kwenda mbali, tunakushukuru. Unaondoka na jina lako likiwa safi, kama ulivyotaka. Ukae Timbwani kwa afya na utulivu, wajukuu wakutumikie, mikono yako ipumzike na maji. Maisha yako ya mbele yawe mema kuliko haya tuliyoyafaidi sisi.

Caroline Kadzo, Mapokezi